Kamera Nne na Roketi Moja

Mimi kazi yangu ni kupiga video za kupamba. Kwa msomaji asiyetoka pwani, kupamba ni ile shughuli ya harusi ya wanawake watupu, ambapo bibi harusi hutolewa mbele ya watu akiwa amevaa dhahabu yote aliyonayo na ile aliyoazima. Simu hukusanywa mlangoni. Mwanamume haingii, hata awe ndiye aliyelipia ukumbi. Kwa hiyo anayeshika kamera lazima awe mwanamke, na kati ya Dallas na Houston, huku Texas, mwanamke huyo ni mimi, Mwanabaraka, nakaa Carrollton, na ukinipigia simu wiki moja tu kabla ya harusi nitakucheka.

Nina kikosi cha watu wanne. Nahla ni Mzanzibari, siku za kawaida hupaka watu vipodozi. Jeptoo na Lydiah ni wauguzi, Wakenya wa bara, watu wa kanisa. Walianza kuja kwenye harusi zetu kwa ajili ya biriani wakabaki kwa ajili ya kamera. Wa nne ni Clothilde, Mkongo wa Gulfton kule Houston, ambaye mkono wake hautikisiki hata akiwa anacheza. Wote nimewafundisha mwenyewe, na nimewafundisha kwa kufinya.

Sheria yangu kubwa ni moja. Kigelegele cha kwanza kikilia, mwache bibi harusi, geuza kamera kwa mama yake. Bibi harusi atakaa pale jukwaani saa tatu nzima, haendi popote, na uso wake umepakwa rangi hautasema kitu. Lakini mama yake uso hufunguka mara moja tu, kwa muda wa kupumua mara mbili, halafu anakumbuka kwamba sambusa zimepungua na uso unafungwa tena. Ukiukosa umeukosa. Kwa miaka kumi na mmoja sijaukosa, na nina video za akina mama mia moja na kumi na wawili wakiwa katika hali hiyo.

Mume wangu, Abdulghafur, siku za wiki anaendesha lori la mizigo kutoka maghala ya Mesquite. Jumamosi ananiendeshea gari langu la kazi. Anabeba stendi na mabegi mpaka mlangoni, anayaweka chini, anarudi kwenye maegesho na thermosi yake ya chai, anakaa humo mpaka tumalize. Mlango wa ukumbi ukifunguka na vigelegele vikamwagika nje, anageuza uso kuangalia upande wa pili. Ndivyo alivyolelewa na mama yake, Mungu amrehemu. Mara nyingine anageuka anaangalia ukuta mtupu wa duka la matairi, na mimi nimemcheka sana kwa hilo.

Sasa nifike kwa Yumna.

Yumna ni binti yetu, wa pekee, miaka ishirini na mbili, mwaka wa mwisho chuo kikuu Houston. Anasomea uhandisi. Watu wakiniuliza, “Wako lini, Mama Yumna? Utarekodi wa wenzako mpaka lini?” huwa nacheka, kisha nikifika nyumbani naosha vyombo kwa nguvu. Nasema wazi kwamba nilikuwa na wivu. Ukisimama nyuma ya kamera miaka kumi na mmoja ukiangalia viti vya akina mama, utataka siku moja nawe ukae kimoja. Na Yumna hakuwa na habari ya kuolewa. Habari yake ilikuwa roketi.

Jumatano moja mwezi wa Machi akanipigia. Nilijua kuna jambo, maana alianza kwa Kiswahili.

“Mama, shikamoo.”

“Marahaba. Umefanya nini?”

“Sijafanya kitu! Mama, those camera guys wame-cancel. Launch ni Saturday.”

Akanieleza, nusu Kiingereza, nusu machozi. Yeye na wenzake wanane walikuwa wametengeneza roketi na chombo kidogo cha kukaa kwenye ncha yake. Roketi itapanda mpaka karibu na mwisho wa hewa, chombo kitachomoka, kitarudi chini na parachuti. Ndio mtihani wao wa mwisho. Na mwalimu wao mkuu alikuwa na sharti: lazima iwepo picha moja ya video isiyokatika, tangu moto unawaka mpaka roketi haionekani tena. Mwaka uliopita roketi ya wanafunzi wengine ilipoteza bawa, na watu wakabishana miezi mitatu kwa sababu hakuna aliyelipiga picha likitoka. Kwa hiyo sasa hakuna picha, hakuna alama. Kazi ya picha aliachiwa Yumna. Wapiga picha aliowakodi walitakiwa wasimame pande nne, ili wa huku akikosea wa kule apate. Sasa wamejitoa.

“Kamera nne?” nikamwambia. “Mimi ninazo sita.”

Akavuta kamasi.

“Mama, hii si harusi.”

“Nimesikia. Kitu kinatoka, watu wanakiangalia, mimi nakirekodi. Mwambie mwalimu wako mamako yuaja.”

Ijumaa mchana tukapakia. Tulikuwa bado hatujatoka Carrollton, Lydiah akapiga simu: hospitali imemwita, mwenzake anaumwa, hawezi kukataa. Nikamtazama Abdulghafur, aliyekuwa anafunga mlango wa nyuma wa gari.

“Baba Yumna, kamera ya nne ni yako.”

Akatazama nyuma yake, kuona kama ninasema na mtu mwingine.

Njia nzima ya barabara kuu ya 45 nikamfundisha, Nahla akiendesha. Hiki ni kitufe cha kuanza. Hiki usiguse. Hiki pia usiguse. Tulipotua Huntsville kujaza mafuta nikamweka pembeni ya barabara na stendi afanye mazoezi ya kufuata malori yanayopita. Alifuata vizuri, ila kila lori alilitaja aina yake na mwaka wake, na moja alilipungia mkono kwa sababu anamjua dereva.

“Usizungumze,” nikamwambia.

“Nisipozungumza nasinzia.”

“Basi zungumza, ila usigeuke. Wewe kazi yako ni moja: kinachokwenda juu, nenda nacho.”

“Mpaka wapi?”

“Mpaka nikwambie basi!”

Tukalala Gulfton kwa Clothilde, kwenye magodoro sebuleni, Abdulghafur garini. Nikawapanga upya wote kama ninavyowapanga kabla ya harusi, kwa jinsi Yumna alivyonieleza uwanja. Nahla kushoto, Jeptoo kulia, Clothilde kwenye kilima kidogo mbele ya watu, Abdulghafur mwisho kabisa, mbali na kila mtu, ili akiharibu aharibu peke yake. Nikawaambia mara kumi: roketi, roketi, roketi. Nikamwuliza kila mmoja, “Utafuata nini?” na kila mmoja akajibu. Hakuna aliyeuliza swali, na ndiyo maana nimekuja kuona kwamba mtu akikujibu haraka sana bado hajakusikia.

Asubuhi tukaenda kwenye ranchi moja magharibi ya Houston, mwendo wa saa mbili, nyasi na ng’ombe na anga tupu. Getini alikuwepo afisa wa usalama mwenye fulana ya rangi ya chungwa, na kapu mkononi. Anakusanya simu. Simu zote, redio zote, kila kitu chenye mawimbi, maana vinaweza kuchanganya mitambo. Kamera ruksa, simu marufuku.

“Hapa pananifaa,” nikamwambia Nahla. Nilijisikia niko mlangoni pa ukumbi wangu mwenyewe.

Roketi yenyewe kwanza ilinivunja moyo. Nilikuwa nimezoea zile za kwenye televisheni. Hii haikufika nusu ya mnazi, nyeupe, nyembamba, imesimama mbali, karibu kilomita nzima kutoka kwenye hema letu. Lakini nikaangalia kwa lenzi yangu kubwa, nikaona jinsi walivyoipaka rangi, na jina la kila mwanafunzi kwa herufi ndogo ubavuni, na la Yumna la tatu kutoka juu. Nikaanza kuiheshimu.

Wanafunzi walikuwa wanashusha chombo chao kutoka kwenye gari ili wakipeleke kwenye roketi. Ukubwa wake ulikuwa wa sufuria ya biriani ya watu kumi. Walikibeba wanne, mbio mbio, vichwa chini, kama wanaohama nyumba bila kumuaga mwenye nyumba.

“Simameni!” nikapiga kelele. “Rudini kwenye gari. Mtoke tena, polepole. Wewe mrefu, nyoosha mgongo. Tabasamu!”

Yumna alikuwa mmoja wa wanne hao. Uso wake ukabadilika rangi. Lakini wale wenzake watatu, watoto wenye adabu, wakarudi kwenye gari wakatoka upya, polepole, wakitabasamu, na Clothilde akawapiga kutoka chini kuja juu. Mpaka leo nasema ile ndiyo sehemu iliyotulia kuliko zote.

Kosa langu la pili lilikuwa udi. Siwezi kuanza shughuli bila udi. Nikawasha chetezo changu chini ya kiti, kidogo tu, cha kufungulia baraka. Yule wa fulana ya chungwa akaja mbio, mbio za kweli, akauliza kama kile kitu kinawaka moto. Nikamjibu hakiwaki, kinafuka. Akakimwagia maji ya chupa nzima, na udi wangu wa kutoka Dubai ukaishia humo.

Yumna akanivuta kando.

“Mama, please. Please. Nikikosa hii footage nita-fail. Si mimi tu. Watu tisa wata-fail. May hakuna graduation. Unaelewa?”

“Naelewa.”

“Promise.”

“Yumna, mimi sijawahi kukosa picha.”

Akanitazama kidogo, akaenda kwenye mitambo yake. Na mimi nikaenda kukaa chini ya hema, mahali pa wazazi, kiti cha plastiki, mstari wa mbele. Huko mbele ndiko nilikokuwa naweza kuwaona wapiga picha wangu wote na kuwapa ishara kwa mkono. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini nilipokaa, nikatazama kulia na kushoto, nikaona wazazi wengine wamekaa na mikono yao mapajani, wamekauka kwa woga, na ndipo nikatambua ni kiti gani hiki nimekalia. Nikakaa vizuri. Nikarekebisha mtandio.

Saa nne na dakika kumi wakaanza kuhesabu kurudi nyuma kwenye kipaza sauti. Kumi. Tisa. Nikamtazama Nahla, yuko sawa. Jeptoo, sawa. Clothilde, sawa. Abdulghafur kule mwisho, ameinama, tako nje, jicho kwenye kamera. Nne. Tatu. Nikamwona Yumna kwa mbali, amesimama na wenzake nyuma ya ukuta wa magunia ya mchanga, ameziba masikio kwa viganja kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo nikiwasha mashine ya kusaga nazi.

Moto ukatoka chini. Kwanza bila sauti. Halafu kile kitu kikainuka.

Sijui niwaeleze vipi. Ilikuwa imesimama, na sasa haikuwa imesimama tena. Mtoto wangu alikaa miaka miwili hali vizuri, halali vizuri, hapokei simu, anasema “I’m busy, Mama,” na mimi nikidhani ananikwepa, kumbe alikuwa anatengeneza hii. Kisha sauti ikatufikia, ikanipiga kifuani, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

Nikapiga kigelegele.

Na si kile cha adabu. Kilikuwa kirefu, kile cha kutoka tumboni, ambacho nimewasikia akina mama mia moja na kumi na wawili wakikipiga na mimi nimekaa kimya nyuma ya lenzi. Nilifumba macho. Ng’ombe wote upande ule wakageuza vichwa. Nilipofumbua macho, roketi ilikuwa nukta, na mwanamke wa Kimarekani aliyekaa pembeni yangu alikuwa amenishika mkono, analia naye.

Chombo kilirudi na parachuti yake ya rangi ya machungwa, kikatua kwenye nyasi vizuri, watoto wakakimbia wakirukaruka. Clothilde akaja akanikumbatia mpaka miguu ikatoka chini.

“Mama Yumna! Nilikushika muzuri sana!”

“Tumekupata poa,” akasema Jeptoo. Nahla alikuwa anajifuta macho.

Nilisikia hayo maneno. Sikuyafikiria hata kidogo.

Tukarudi Gulfton kwa Clothilde kula na kutazama kazi yetu. Yumna akaja na kompyuta yake. Alitakiwa awe amemtumia mwalimu picha zote kabla ya saa kumi na moja. Saa ilikuwa tisa. Abdulghafur akapandisha mabegi mpaka mlangoni, akasikia sauti za wanawake ndani, akarudi garini kwenye maegesho kama kawaida yake. Wala sikumwona akienda.

Tukaanza na kadi ya kamera ya Nahla, kwenye televisheni kubwa ya Clothilde. Roketi hiyo hapo, imesimama, safi kabisa, unaona hata majina. Tatu. Mbili. Moja. Moto. Roketi inaanza kuinuka. Kigelegele. Na hapo picha ikafanya vuuup! nyasi, ng’ombe, kamba ya hema, na nikatokea mimi. Mdomo wazi, macho yamefumbwa, mtandio umeteleza. Ikabaki hapo hapo kwangu, imetulia, haitikisiki, mpaka mwisho.

“Hii nini?” akauliza Yumna.

“Weka ya Jeptoo,” nikasema.

Ya Jeptoo: moto, kigelegele, vuuup! mimi, kutoka kulia. Kwa mbali unasikia ngurumo ya kitu kinachokwenda angani.

Ya Clothilde: moto, kigelegele, na mimi, na huyu kwa kuwa ni fundi kweli alikuwa amenivuta karibu mpaka jino langu la kuziba likaonekana, na chozi linateremka polepole shavuni, na mwanga nyuma. Ilikuwa picha nzuri sana. Nilitamani kufa.

Nikawaka. Nikasema mengi ambayo sitayaandika. Nikawaambia ni vipofu, hawana masikio, nimewalisha miaka yote hii bure. Roketi! Nilisema roketi mara kumi! Wakaniacha nimalize. Halafu Nahla akasema taratibu, kwa ile sauti ya Unguja inayokukata bila kupanda:

“Bi Mwanabaraka, kigelegele alipiga nani?”

Nikaanza kukusanya kadi za kamera mezani.

“C’est toi, Mama Yumna,” Clothilde akasema. “Weye mwenyewe ulipiga. Na weye mwenyewe ulitufundisha: kikilia, mama wa bibi harusi. Mukono yangu ilienda yenyewe!”

“Mimi ulinifinya Arlington kwa sababu ya hiyo,” akasema Jeptoo. “Nilichelewa kidogo tu. Alama ilikaa wiki mbili. Unataka nisahau?”

Walikuwa wamefanya hasa nilichowafundisha, na walikifanya vizuri, wote watatu kwa pamoja, bila ishara. Aliyeharibu alikuwa mimi.

Yumna hakunipigia kelele. Ingekuwa nafuu. Alikaa kwenye kona ya kochi, akafungua kompyuta, akaanza kumwandikia mwalimu barua. Nikamwona anaandika neno la kuomba radhi, anafuta, anaandika tena. Watu tisa. Nilimwahidi. Nilimwambia sijawahi kukosa picha, na hapo mbele yangu ilikuwa saa tisa na nusu, na mwanangu anatafuta maneno ya kunifichia aibu. Hakuandika “mama yangu”. Aliandika “wapiga picha wangu”.

“Kamera ya nne iko wapi?” akauliza, bila kuinua macho, kama anayetimiza tu wajibu.

Tukatazamana. Hakuna aliyemkumbuka.

Nilishuka ngazi bila viatu. Abdulghafur alikuwa kwenye gari, kiti kimelazwa nyuma, chai mkononi, kamera juu ya mapaja. Aliponiona natoka mbio, mtandio begani, akageuza uso kwa mazoea, kisha akakumbuka ni mkewe.

“Umepiga nini wewe?” nikamwuliza.

“Sijui. Nimefuata.”

“Umefuata nini?”

“Uliniambia nifuate kinachokwenda juu. Nimefuata.”

“Mimi nilipiga kigelegele. Hukusikia?”

“Nani asisikie? Wamekisikia mpaka Galveston, kule baharini.” Akanywa chai. “Nikageuza uso.”

“Ukageuza uso ukaangalia wapi?”

Akanishangaa. “Upande wa pili, kama siku zote. Roketi si ilikuwa upande wa pili?”

Nikamnyang’anya kamera, nikambusu kipara pale pale kwenye maegesho, mbele ya watu waliokuwa wanangojea basi, nikapanda ngazi.

Roketi ilikuwepo, yote. Moto, ngurumo, roketi inaondoka ardhini, imekaa katikati ya picha imetulia tuli, haitoki kushoto, haitoki kulia. Kigelegele changu kinasikika, na picha haistuki hata kidogo. Kama kuna lolote, inashikilia zaidi. Na nyuma ya picha sauti ya Abdulghafur peke yake, inasema na roketi kama anavyosema na malori: “Bismillahi. Kaa kwenye njia yako. Usipepesuke. Kaa kwenye njia yako, baba, kaa hapo hapo, mwendo mzuri, mwendo mzuri.” Mpaka ikawa nukta. Mpaka nukta ikaisha. Na hakuzima, kwa sababu sikuwa nimemwambia basi. Akaendelea kupiga anga tupu, dakika baada ya dakika, akipumua, mpaka parachuti ya rangi ya machungwa ikaingia kwenye picha yenyewe, akaifuata nayo mpaka chini.

Yumna alikuwa amesimama. Akakimbia nje, nikasikia miguu yake kwenye ngazi, kisha nikasikia mlango wa gari. Sikwenda dirishani. Niliwapa nafasi yao.

Alirudi anamvuta babake mkono. Abdulghafur akasita kizingitini, macho kwenye zulia, mpaka Clothilde akamwambia, “Ingia, papa, hapa si kupamba, ni nyumba tu.” Akavua viatu, akakaa ukingoni mwa kochi kama mgeni.

Yumna akaanza kutuma picha kwa mwalimu. Nikaona anazipanga zote nne.

“Hizo tatu futa,” nikamwambia.

“Siwezi. Rule ni lazima tutume files zote.”

“Zote?”

“Zote, Mama. Raw.”

Nikasoma juu ya bega lake alichoandika. Kamera ya nne: roketi. Kamera ya kwanza, ya pili na ya tatu: mama wa mhandisi. Ikawa hivyo, na sasa kwenye makabati ya chuo kikuu kizima nimo, kutoka pande tatu, na jino la kuziba. Nikaenda jikoni kwa Clothilde kupasha chai, maana macho yalinijaa na sikutaka Nahla anione, angenipiga picha.

Nikiwa huko nikamsikia Abdulghafur anauliza, “Na hizo nyingine zina nini?”

“Mama tu,” akasema Yumna.

“Hebu.”

Nikasikia ngurumo, nikasikia kigelegele changu. Nikachungulia. Alikuwa ameinamia televisheni, viwiko magotini.

“Hivi ndivyo mnavyokuwaga mle ndani?” akauliza, hakujulikana anamwuliza nani. “Miaka kumi na mmoja nasikia hizi sauti ukutani. Sikujua zina sura.”

“Sura yangu unaiona kila siku,” nikamwambia kutoka mlangoni.

“Naiona ile ya bili.” Hakugeuka. “Hii sijaiona. Yumna, mwanangu, irudishe. Kisha niwekee ya upande wa Jeptoo.”

Yumna akairudisha. Akasogea akakaa karibu naye, miguu juu ya kochi, kichwa begani kwa babake, wakatazama kutoka kushoto, kisha kutoka kulia, kisha ile ya karibu ya Clothilde, kisha wakaanza tena mwanzo. Nikaleta birika, nikawaambia chai inapoa. Abdulghafur akanyanyua mkono bila kugeuka, kama ninavyonyanyua mimi ukumbini mtu akinipitia mbele ya kamera.